Mashine Niliyoiogesha

Nakumbuka asubuhi moja kule Tandika, mwanangu, ndoa yangu haijatimiza hata miaka miwili. Nimejifunga khanga kifuani, ndoo ya maji mkono huu, kumbi la nazi mkono huu, naiogesha mashine ya mume wangu kama naogesha kitoto kichanga. Na kuimba naimba. Ungenikuta ungesema, huyu Hamisi kapata mke!

Usicheke sasa hivi. Pa kucheka papo, nitakuonyesha.

Nimesikia unatafuta mashine ya kukereza chuma uiweke uani kwako. Kila ukija hapa unanisogezea simu usoni: "Bibi, ona hii! Bibi, ona hii ingine, imepigwa rangi, mpya kabisa!" Haya, kaa. Mie hata jina langu ukiliandika ukutani nitalipita kama nimepita mchwa. Lakini mambo ya mashine hiyo nayajua, maana niliyajua kwa aibu, na kitu ulichokijua kwa aibu hukisahau kamwe.

Mume wangu, Baba Rehema, alikuwa akifanya kazi kwenye gereji za watu. Akachoka kutumwa, akataka mashine yake nyumbani. Chang'ombe kulikuwa na karakana moja inafungwa, vitu vinauzwa. Akamchukua Mzee Kalisto, fundi mkongwe, mtu wa Mbinga, waende wakachague. Na mie nikadandia, na tumbo langu la miezi saba, eti nikaone.

Tukakuta mashine mbili. Moja ya kijani, rangi inanukia, inapendeza utadhani kabati la bibi harusi. Ya pili nyeusi tii, imeganda mafuta na vumbi. Mie papo hapo: "Mume wangu, ile ya kijani!" Mzee Kalisto akanigeukia. Alikuwa anaongea taratibu, sauti inatokea puani, hivi: "Maama. Kijani utapikia mchuzi?"

Akaanza kazi yake. Mashine ya kukereza, kama hujawahi kuiona ikifanya kazi, inazungusha kipande cha chuma, na kisu kinakuja polepole kukimenya kama unavyomenya chungwa. Kisu chenyewe kinatembea juu ya reli mbili. Mzee akapitisha ukucha kwenye reli za ile ya kijani, pale karibu na kichwa, ambapo kisu kinashinda kutwa. Ukucha ukazama. "Umeona? Hapa pameliwa." Akachukua kipande cha mti, akabenua lile jicho linaloshika chuma na kuzunguka nacho. Likacheza, kok, kok. Akakwangua rangi kidogo kwa bisibisi, chini yake tukaona ufa umejazwa gundi. Muuzaji akawa anakohoa tu.

Kwenye ile nyeusi ukucha ukateleza toka mwanzo hadi mwisho. Akaagiza iwashwe, akaweka mpini wa bisibisi sikioni na ncha kwenye chuma, kafumba macho, kama daktari na mwenye pumu. "Hii inapumua," akasema. Ndiyo tukainunua. Ikawekwa uani chini ya bati, na Mzee Kalisto akawa anakuja kila siku kuifanyia kazi na mume wangu. Wakachonga pini za mikokoteni, bushi za mashine za kusaga, vitu vya magari. Wateja wakaja.

Nikajifungua Rehema. Ikafika arobaini, mtoto anatolewa nje, watu wanakaribishwa. Hapo ndo akaja wifi yangu wa Kinondoni, dada mkubwa wa mume wangu, siku mbili kabla, kukagua. Mungu amrehemu, alikuwa akiongea kashika pua kwa vidole viwili: "Wifi yangu mie, mtoto wetu ndo anatolewa hapa? Kwenye gereji? Watu watasema mdogo wangu kaoa mafuta machafu!"

Neno hilo likaniingia mpaka kwenye mifupa.

Alhamisi jioni Mzee Kalisto akaifuta mashine, akaipaka oili nzito kila mahali, akaifunika gunia. Akaniita. "Maama Rehema. Siku tatu hatufanyi kazi. Msiiguse. Ikiwa chafu, iacheni na uchafu wake." Nikamjibu, "Ndiyo, mzee."

Ijumaa asubuhi mume wangu kaenda kutafuta viti na maturubai. Bibi aliyekuwa akinilea uzazi kaenda sokoni. Mie na uani wangu na ile mashine nyeusi, na sauti ya wifi kichwani. Nikasema, mie mtoto wa Kizaramo, nimefundwa nikafundika, sufuria zangu unajitazama humo ukajipaka wanja. Chuma hiki kinishinde?

Nikaiosha kama tunavyoosha sufuria. Sabuni ya mche, mchanga laini, kumbi la nazi. Nikasugua zile reli mpaka zikawa nyeupe. Nikaingiza kumbi kwenye kila kijitundu. Nikamwagia ndoo nne za maji ya kisima, na unavijua visima vyetu vya Temeke, maji yake ukichemsha wali huhitaji kutia chumvi. Nikairudishia gunia lake, juu nikatandika shuka jeupe, shuka nalo bichi, halikuwa limekauka. Siku ya shughuli tukapanga masinia ya pilau juu yake. Wifi akanipiga begani: "Hapo sasa! Sasa pana mke hapa!" Nikavimba kichwa mpaka kilemba kikanibana.

Jumatatu mume wangu akatoa lile shuka na lile gunia.

Mwanangu, ile mashine ilikuwa nyekundu. Reli zimevaa kutu kama mtu mwenye surua. Akajaribu kuusukuma mkono wa kisu, ukalia krrr, mchanga mtupu. Mzee Kalisto kasimama pembeni na kikoti chake.

"Mzee, uliipaka oili?"

"Niliipaka."

"Oili gani hii? Mate? Hakuna hata tone!" Mume wangu akanigeukia. "Mama Rehema, kuna mtu kaigusa?"

Mie na mtoto kifuani. Ningesema neno moja tu, mimi. Lakini nikaona wifi atakavyocheka, nikaona mume wangu atakavyonitazama. Nikasema, tena kwa sauti ya upole kabisa, sauti hii hii: "Mie nijue wapi mambo ya mashine, na kichanga hiki? Labda mzee alisahau. Si unajua macho yake siku hizi."

Macho yake siku hizi. Hilo la macho hakuniuliza mtu. Nililiongeza mwenyewe.

Mzee Kalisto akainama, akachokoa kwenye reli kwa bisibisi, akatoa uzi wa kumbi la nazi. Akautazama. Akanitazama. Kisha akautia mfuko wa shati, akachukua boksi la vifaa vyake, akaondoka.

Mume wangu alikuwa na hasira, na hasira zake akazipeleka kwenye kijiwe cha kahawa, walipokuwa wakikaa mafundi wote wa Tandika kila alasiri. "Yule mzee kwisha habari. Kaniozeshea mashine. Haoni hata alipopaka oili na asipopaka." Basi. Maneno yale yakawahi kufika kila gereji kuliko mie kufika dukani. Wenye mashine wakaanza kumwambia mzee, "Leo hatuna kazi. Pitia wiki ijayo." Wiki ijayo ikifika, ijayo ingine.

Mie nyumbani napika, nanyonyesha, najisemea yatapita. Hayakupita.

Kama wiki tatu zimekwenda, natoka soko la Tandika na Rehema mgongoni, namkuta Mzee Kalisto kakaa kando ya njia. Katandika gunia. Juu ya gunia kapanga vifaa vyake: tupa zake, visu vyake vya kukerezea, ile koleo yake ya kupimia unene wa chuma aliyokuwa akiivisha kitambaa kama mtoto mchanga. Kila kimoja kimepakwa oili, kinang'aa. Anauza.

Fundi akiuza vifaa vyake, mwanangu, haendi kutafuta kazi ingine. Keshakubali kwamba kazi hana.

Nikamsogelea. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Maama Rehema. Mtoto hajambo? Kakua!"

Kamtazama mtoto, anatabasamu! Nikachuchumaa pale pale kwenye vumbi. Nikamwambia yote. Sabuni, mchanga, ndoo nne, na lile la macho. Nalia kamasi zinachuruzika, watu wanapita wanatuzunguka.

Akaniacha nimalize. Akasema, "Mimi nilijua tangu siku ile. Ulikuwa na mtoto wa siku arobaini. Ningesema, ugomvi ungelala ndani mwako."

"Nisamehe, mzee wangu."

"Nimekusamehe. Lakini mama, mimi umeniambia bure. Najua. Kawaambie wasiojua."

Nilidhani nimemaliza, kumbe nilikuwa sijaanza. Nikamwomba tu asiuze kitu siku ile. Akakunja gunia lake.

Nikaenda nyumbani, nikamwambia mume wangu. Hakunipiga wala hakupiga kelele. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mikono imening'inia. Kisha akasema, "Nitamfuata mzee mwenyewe, nimrudishe taratibu. Mambo yaishie humu ndani."

Unaona na yeye? Na yeye aibu ilimshika, akataka kuifungia ndani. Mie nikamwambia, hapana, Baba Rehema. Uongo wangu ulifika kijiweni, na mie lazima nifike.

Alasiri nikavaa baibui, nikaenda. Kijiwe chenyewe wanaume watupu. Mwanamke hapiti pale ila kumwita mumewe kwa dharura. Muuza kahawa akaacha kumimina. Nikasema, "Asalaam alaikum. Mie mke wa Hamisi. Ile mashine Mzee Kalisto aliipaka oili. Mie ndiye niliyeiosha. Nilitumia sabuni na mchanga. Nikamsingizia."

Haya, sasa cheka. Pale wao walicheka. Walicheka wakamwaga kahawa. Mmoja akasimama akaiga: "Mashine geuka, nikusugue mgongo!" Mwingine: "Ulimpaka na poda, dada?" Wakanipachika jina, Mama Kumbi, na jina hilo nimelibeba mpaka nimeota mvi. Mie naigaga watu wote, unanijua, lakini siku ile niliigwa mie, na niliwaka uso kama nimeinamia jiko.

Fundi mmoja wa kuchomelea hakucheka. Akaweka kikombe chini, akauliza, "Mzee yuko wapi sasa hivi?" Nikamwelekeza. Akaondoka kumfuata, akampa kazi kwake.

Ningependa nikuambie yote yalirudi. Hayakurudi. Wengine walimpa kazi tena. Lakini mwenye mashine za kusaga, kule Mbagala, aliyekuwa mteja wake mkubwa, alisema, "Ah, huyo mwanamke katumwa na mumewe amsafishe mzee." Akahama mji bado hajaamini. Uongo wangu wa upole aliuamini bila kuuliza. Ukweli wangu niliokwenda nao mbele za watu akaukataa.

Mzee Kalisto alikuja kwetu siku kadhaa, akaifungua ile mashine yote. Akanikalisha chini na beseni la mafuta ya taa, nikaosha kila kipande mwenyewe, kwa kitambaa, na yeye akinielekeza. Kutu ikatoka. Ila reli zilikuwa zimeshachimbika vijishimo, kwa hiyo chuma kirefu kikikerezwa kinatoka kinene upande mmoja. Akasema, "Ungeniita ile Jumatatu, hata ile Jumatatu yenyewe, nusu ya haya yasingekuwepo." Alipomaliza akanawa mikono, akaaga. Hakufanya kazi uani kwetu tena. Tukikutana njiani alinisalimu vizuri, akaniulizia mtoto. Hiyo ndo ilikuwa inaniumiza.

Kwa hiyo, mwanangu. Kanunue mashine yako, lakini hiyo simu iweke mfukoni, uende na mtu anayejua. Rangi mpya ukiikuta kwenye chuma kizee, ikwangue. Pitisha ukucha kwenye reli pale karibu na kichwa, wala sio huku mwisho ambako kisu hakijafanya kazi. Benua lile jicho, usikie kama linacheza. Uliza inataka umeme gani, usije ukanunua ya umeme wa kiwandani ukaiweka nyumbani ikawa meza ya pilau kama yangu. Ukishaileta usiipe maji. Futa vumbi la chuma kila jioni, pitisha kitambaa cha oili, funika kwa kitu kikavu. Na walio nyumbani kwako waeleze kwa nini, usiwaambie tu "msiguse". Mie niliambiwa nisiguse. Laiti ningeambiwa oili ile ndiyo nguo yake, nisingemvua.

Na siku utakapoharibu kitu, maana utaharibu, sema siku hiyo hiyo. Ukimsingizia mtu, kamsafishe pale pale ulipomchafua, mbele ya wale wale waliokusikia, hata kama watacheka. Usiende kumnong'oneza yeye peke yake ukajiona umetubu.

Mungu akupe chuma kizima na macho ya kukitambua. Akupe mafundi wa kweli, na akupe moyo wa kuwaheshimu. Wateja wakujae mpaka uani pawe padogo. Na ulimi wako, mwanangu, Mungu aushike siku ile utakapotaka kuongeza lile neno moja ambalo hukuulizwa.