Kokwa ya Tende

Dada yangu Nasriya alikuwa hajapata kusema jambo kwa sauti ya chini. Ni mtunza maabara katika chuo kimoja cha Ansab, hapa Maskati, ana miaka arobaini na miwili, na akikwambia osha chupa hiyo, jengo zima litajua kuna chupa chafu. Tulipokuwa wadogo kule Sib alicheza mpira uani na kaka zetu, mpaka alipotimiza miaka kumi na mitatu mama akasema basi. Basi ile hajaisamehe hadi leo. Ndiyo maana aliandika barua miaka mitatu mfululizo mpaka chuo kikampa timu ya wasichana, saba uwanjani na watatu wa akiba. Mimi nikapewa kazi ya kubeba maji.

Msimu ulikuwa wa mechi sita. Kabla haujaanza, mkuu wa michezo alimwambia waziwazi: timu ikimaliza bila ya ushindi hata mmoja, mwakani haipo. Nasriya akarudi na mbinu. Watano kati ya wasichana wake wametoka katika nyumba zinazosema Kiswahili, kwa hiyo atatoa amri zote kwa Kiswahili, wapinzani wabaki wameduwaa. Wasiokijua, kama Balqees, walikaririshwa maneno kumi na mawili: panda, rudi, kushoto, mwachie na mengineyo. Nikamwambia Maskati hii ukirusha jiwe utampiga mtu mwenye bibi wa Unguja. Akaniambia nikajaze maji.

Tukafungwa mechi mbili za mwanzo. Ya tatu tulicheza na chuo cha Sib, na kipa wao, msichana mrefu aitwaye Hadeel, alikuwa akifika kabla ya mpira. Nasriya akimwambia Raghad, nahodha wetu, apige kushoto, Hadeel keshalala kushoto. Nne bila. Filimbi ilipolia, kipa yule akaja mpaka kwenye benchi letu, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Bi Nasriya. Bibi yangu nyumbani husema hivyo hivyo, na sauti hiyo hiyo."

"Marahaba," dada akajibu, maana adabu ilimtoka kabla ya hasira. Hasira ilikuja garini. Nikajaribu kumtuliza kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani.

"Msemo huo kautunga aliyeshinda," akasema. "Mie sikubali."

Ya nne tukafungwa, ya tano tukafungwa. Hapo ndipo alipoona kosa lake, na likamuuma. Wasichana walikuwa wamezoea kusubiri sauti yake. Asiposema panda, hapandi mtu. Yeye aliyelia kwa kukatazwa kucheza, sasa alikuwa akicheza kwa miguu ya watoto wa watu. Aliniambia hayo akiwa amekata tamaa ya kila kitu isipokuwa kushinda.

Wiki mbili zilizobaki aliwafundisha kwa kunyamaza. Akishaanzisha mazoezi hukaa chini na kokwa ya tende mdomoni, imkumbushe. Siku ya kwanza Raghad aligeuka kumtazama kila alipopata mpira. Siku ya kumi hakugeuka tena. Wakaanza kuitana wenyewe, Kiarabu, Kiswahili, chochote kilichowahi kufika mdomoni.

Mechi ya sita ilikuwa na chuo cha Sib tena. Nasriya alikula tende moja, akabakisha kokwa, akaikalia mikono yake. Hadeel alitega sikio upande wetu tangu filimbi ya kwanza. Mimi nilimwona dada akitoka jasho la kuzuia maneno, nikamhurumia kweli.

Zilibaki dakika nne, bado bila kwa bila. Balqees alipokonya mpira katikati. Raghad akapanda pembeni pasipo kuambiwa na mtu, akaupokea, akavuta mabeki wawili, akamrudishia Balqees, naye akapiga. Hadeel alitupa jicho kwenye benchi letu, mara moja tu, na mpira ukampita.

Tuliilinda ile moja mpaka mwisho. Wasichana walirukiana katikati ya uwanja, kila mmoja anapiga kelele zake. Hadeel akaja tena, machozi yakimlengalenga, lakini adabu yake ile ile.

"Shikamoo, Bi Nasriya. Leo mbona kimya?"

Dada akaitoa kokwa, akaifumbata kiganjani. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamsikia akisema kwa sauti ya chini.

"Marahaba, mwanangu. Ngoja kidogo, nnawasikiliza."