Mama Koki na Kona Iliyolala

Kalamu ilikuwa juu ya daftari tangu saa tatu asubuhi, na Mama Koki hakuigusa. Meneja wa nyumba ya wazee aliisogeza kwa kidole, mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa nguvu hadi ikagonga kikombe cha chai.

"Mstari mmoja tu, mama. 'Tangi limekaguliwa, ni salama.' Weka sahihi, tuendelee na mengine."

"Nimelikagua. Si salama."

"Lakini maji yenyewe yanang'aa!"

"Hata shuka hung'aa, na kunguni wamo."

Miaka ishirini na miwili amekuwa fundi bomba wa nyumba ile. Jina lake halisi limebaki kwenye kitambulisho tu. Wazee walimpa la Mama Koki kwa sababu hawezi kupita penye bomba linalodondosha bila kumsema aliyeliacha. Ni mfupi, ana mabega ya mbeba mizigo, na ngazi ya chuma ya kwenda paani huipanda bila kushika kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa mkono huo hubeba spana.

Tangi lenyewe liko juu ya paa hilo: lita elfu kumi na mbili, lilipimwa kwa watu mia moja na kumi. Miezi minane iliyopita jengo la kaskazini lilifungwa ili litengenezwe, na wazee sabini na wawili wakapelekwa kwa ndugu na jamaa. Wakabaki thelathini na wanane. Maji yaliyokuwa yakiisha kwa siku moja sasa yalikaa siku tatu. Mama Koki alishusha kipimajoto kwa kamba. Maji yanayoingia yalikuwa digrii kumi na tisa. Kwenye kona ya mbali, ishirini na sita. Aliposugua ukuta wa kona hiyo kwa kidole, kidole kilirudi na ute.

"Tushushe boya," alimwambia meneja. Boya ni lile pira linaloelea na kufunga maji tangi likifika kimo chake. "Tuhifadhi lita elfu nne, yaingie mapya kila siku. Kwanza tulimwage lote, tulisugue, tulitie dawa."

"Na maji ya mjini yakikatika?"

Swali lake halikuwa la kipuuzi. Miaka miwili nyuma maji yalikatika siku mbili, na meneja huyo alipandisha ndoo ghorofa tatu akiwa amevaa tai. Tangu siku hiyo alitaka tangi lijae hadi shingoni.

"Nitakujazia madumu sitini ya stoo na kuyabadilisha kila Jumamosi. Lakini maji yaliyolala juu sitayawekea sahihi."

"Ijumaa mkaguzi anakuja. Bila sahihi yako jengo la kaskazini halifunguliwi. Wazee sabini na wawili wanasubiri kurudi kwao." Meneja alifunga daftari. "Nakupa hadi Alhamisi. Ukikataa, nitatafuta fundi anayejua kuandika."

"Mtafute anayejua kupanda pia," alisema Mama Koki, akaondoka.

Ukumbini alimkuta Mwalimu, mzee mwenye pafu moja zima, akitoka kuoga huku taulo likiwa shingoni.

"Binti yangu, maji ya baridi siku hizi yana uvuguvugu. Na yananuka kama kitambaa cha jikoni."

"Usiogee bomba la mvua, Mwalimu. Tumia beseni."

"Miaka themanini na moja, unanirudisha kwenye beseni?"

"Yale matone madogo unayavuta ndani. Vijidudu vya maji yaliyolala hupenda kifua, na wewe kifua chako ni cha kuazima."

Mwalimu alicheka hadi akakohoa. Mama Koki hakucheka. Alisubiri kikohozi kiishe, akitazama picha iliyotundikwa nyuma ya mzee: siku ya kufungua nyumba, tangi jipya, na pembeni msichana mwenye spana anayecheka meno yote nje.

Jioni ile, nyumbani, mumewe ambaye ni fundi cherehani alikuwa akishona pindo la suruali.

"Unalinunia tangi au unaninunia mimi?"

"Bomba la kuingizia na la kutolea yako upande mmoja," alisema Mama Koki. "Maji yakiingia yanageuka hapohapo na kutoka. Upande wa pili hauguswi. Wazee wakiwa wengi haikuonekana, maana tangi lilikuwa likikombwa lote. Sasa inaonekana."

"Mjinga gani alifunga hivyo?"

Mama Koki aliinama kufungua kamba za viatu. Cherehani ilisimama.

"Haa," mumewe alisema polepole. "Wewe."

"Niliokoa bomba mita sita. Nikamaliza kwa siku moja na nusu. Walinipigia makofi."

"Basi sema jengo lilifungwa ndiyo maana maji yamelala. Ni kweli pia. Nani atauliza zaidi?"

"Watashusha boya hadi jengo lifunguliwe, kisha watalipandisha na kusahau. Kona itabaki palepale, ikisubiri wazee wapungue tena." Alivua viatu. "Wewe ukikata suruali mguu mmoja mfupi, unamwambia mteja achechemee?"

Jumatano asubuhi aliingia jikoni.

"Dada, nipe rangi nyekundu ya keki."

"Ya nini?" Mpishi alishika kichupa kifuani. "Nina keki ya kuzaliwa Jumapili!"

"Nampikia meneja."

Alifunga koki ya kwenda vyumbani, akawafungulia wazee maji ya moja kwa moja kutoka bomba la mjini, kisha akamimina kichupa chote kwenye kona ya mbali ya tangi. Kwenye koki ya kumwagia, iliyo kando ya bomba la kutolea, alifunga mpira wa kupeleka maji kwenye mfereji wa paa, akaifungua koki hiyo kwa kadiri ambayo wazee thelathini na wanane hutumia. Maji yakaingia, maji yakatoka, kutwa nzima na usiku.

Alhamisi saa mbili alimfuata meneja ofisini.

"Panda."

"Mimi na ngazi hatupatani, unajua."

"Mwaka juzi ulipanda na ndoo."

Alipanda, macho kayakaza ukutani, akitaja kila ngazi kwa namba. Juu, Mama Koki aliinua mfuniko. Upande wa mabomba maji yalikuwa hayana hata tone la rangi. Kona ya mbali wingu jekundu lilikuwa limekaa, zito, kama mgeni asiyejua kuaga.

"Nimeiweka rangi jana asubuhi," alisema. "Lita elfu nne zimepita tangu hapo. Maji hayo ya kona hayajui hata kama kuna mlango."

Meneja alitazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza alichotakiwa kuuliza tangu mwanzo.

"Nani alifunga mabomba hivi?"

"Umepita picha yake ukumbini kila siku kwa miaka mitano."

Alielewa. Na alipoelewa, uso wake ukapata nguvu mpya. "Kwa hiyo nikimwonyesha mkaguzi kasoro hii, namwonyesha jina lako. Saini, mama. Kwa faida yako mwenyewe. Tutarekebisha baadaye, kimyakimya."

Daftari alikuwa nalo kwapani. Mama Koki alilichukua, akaliweka juu ya mfuniko, akaandika kwa herufi kubwa ili hata mkaguzi mwenye miwani mibovu asome: *Tangi si salama. Bomba la kuingizia na la kutolea yako upande mmoja. Kona ya mbali, ya mashariki, maji hayasogei. Niliyafunga mimi.* Akatia sahihi.

"Sasa ninayo sahihi yako," meneja alisema kwa sauti kavu, "na wewe unayo barua yangu." Aliitoa mfukoni, ilikuwa tayari imechapwa. Barua ya onyo: mfanyakazi amekataa kutii agizo la meneja.

Mama Koki aliisoma yote, hadi tarehe.

"Hii ni kweli tupu. Lete kalamu."

Akaisaini juu ya goti. Kisha, kabla wino haujakauka, akaifungua koki ya kumwagia hadi mwisho. Maji yakanguruma mferejini, meupe kwanza, baadaye mekundu. Meneja hakumzuia. Aliuliza tu madumu sitini yako wapi.

"Yamejaa. Tangu Jumanne."

Mkaguzi alipofika Ijumaa, meneja mwenyewe alimpeleka hadi chini ya ngazi na kumpa daftari likiwa wazi kwenye ukurasa ule. Mkaguzi alisoma mara mbili, akapanda. Tangi lilikuwa tupu. Kando lilisimama bomba jipya la mita sita, na kutoka ndani ilisikika brashi ikisugua.

"Jengo litafunguliwa lini?" aliita kupitia tundu.

"Siku tisa," ilijibu sauti ya ndani. "Na usiingie. Viatu vyako vichafu."