Siku Mama Amoding Aliponizaa Ofisini

Nina aibu nyingi katika maisha yangu, na nyingine nitazikwa nazo, lakini hii ya ofisi ya Tororo naisema mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine, maana walioiona walikuwa watu ishirini na mmoja, wote wa ukoo mmoja, na kila mmoja anaisimulia kwa namna yake, na katika kila namna mjinga ni mimi. Basi leo ujinga wangu niuseme kwa kinywa changu. Na wenye makosa nitawataja kwa majina, nimechoka kuitwa mtu mpole.

Mimi ni mtu wa Kongo, upande wa Bunia, fundi wa baiskeli, darasa la pili tu (la tatu nililianza, nikaliacha vile lilivyokuwa). Vita ya waasi ilipotufikia, katika miaka ile ya sitini, jirani yangu Basile, niliyemzibia matairi miaka sita, aliwaonyesha waasi mimi kwa kidole akasema huyu alikuwa fundi wa Wabelgiji. Ni kweli, niliwatengenezea baiskeli zao. Hata yeye nilimtengenezea yake. Aliyewasha moto ni Kasiano, mtu tuliyesali naye kanisa moja, benchi moja. Nyumba ikaungua na mdogo wangu Dodo ndani. Mimi na mke wangu Feza tukakimbilia ziwani, na pale watu walikuwa wengi kuliko mitumbwi, yeye akasukumwa mtumbwi wa mbele, mimi wa nyuma, na tulipofika upande wa Uganda ule wa mbele haukuonekana. Nilimtafuta mpaka watu wakaanza kunikwepa. Mwishowe nikafuata kazi tu, nikafuata reli, reli ikanileta Tororo.

Nikaanguka kwa homa huko Kwapa, kando ya shamba la mihogo la mjane mmoja wa Kiteso anayeitwa Mama Amoding. Mama huyu alikuwa na ng'ombe wawili wa kulima na ulimi wenye nguvu kuwashinda wote wawili. Alinibeba na jirani zake, akaniuguza wiki nne. Nilipoweza kukaa, wanawake wa ukoo wake walikuja wakanizunguka, wakanilisha ugali wa ulezi kwa mikono yao, kila mmoja tonge moja, wakasema sasa nimekula cha nyumba, mimi ni mtoto wa nyumba. Nami nikala. Niliona ni ugali tu, tena nilitaka kuongezwa.

Siku zile Mama aliniuliza kama nina watu. Nikasema sina. Sikukusudia kudanganya, ila kusema nilikuwa na mke akazama, hilo lilikuwa kama kumfukia kwa mdomo wangu. Nikaishi pale mwaka mzima. Nikapata kibaraza Busia cha kutengenezea baiskeli za watu wanaovuka mpaka, jioni narudi Kwapa, Mama ananigombeza kwa sababu ya mafuta ya mnyororo kwenye shuka zake. Maisha yakawa maisha.

Ndipo padri akaniletea barua. Feza yu hai, yuko kambi ya wakimbizi kule magharibi, ananitafuta.

Sasa hapa ndipo penye kosa langu, na mimi najitaja wa kwanza. Nilirudi Kwapa nikikimbia niseme, nikakuta Mama amechinja kuku. Kumbe siku hiyo alikwenda kwa watu fulani kuniombea binti yao, na alikuwa tayari kutoa ng'ombe mmoja kati ya wale wawili awe mahari yangu. Ng'ombe wa kulima! Nikaangalia kuku, nikaangalia uso wake jinsi ulivyong'aa, nikasema moyoni nitamwambia kesho. Kesho hiyo ikachukua mwezi.

Mwenye kosa wa pili ni Wandera. Huyu alikuwa mwandishi wa barua pale Busia, na taipureta yake ilikaa jirani na kibaraza changu. Padri alikuwa ameniambia Feza hawezi kutoka kambini kunifuata mpaka serikali initambue mimi nami kuwa mkimbizi, kwa hiyo nipeleke ombi la hifadhi Tororo. Fomu ilikuwa ya Kiingereza. Wandera akanisomea, mimi najibu, yeye anapiga. Tulipofika mahali panapouliza kwa nini ulikimbia, nilieleza tangu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri, nikamtaja Basile, nikamtaja Kasiano, nikasema Dodo alikuwa na umri gani. Wandera akasikiliza yote kwa adabu, kisha akapiga neno moja: vita.

Nikamwuliza mengine yako wapi.

"Fundi, nafasi yenyewe ni hiyo," akasema. "Wote wanaandika vita. Wewe lete shahidi mmoja, mwananchi anayekujua. Lakini usimweleze sana. Shahidi akielezwa sana anaharibu."

Jamani, Wandera. Kama bado uko Busia na unasomewa maneno haya, ujue sijasahau.

Basi nikamwambia Mama kwamba Alhamisi twende Tororo, serikali inataka mtu wa kusema ananijua. Akaacha kupepeta mtama, akauliza wanataka kunipeleka wapi. Nikasema hakuna mahali, we sema tu unanijua. Akarudia kupepeta bila neno, na Mama Amoding akinyamaza ilinipasa kuogopa, lakini mimi nilishukuru tu kwamba hakuuliza zaidi. (Baadaye ndipo nilijua kuwa kaka yake alikamatwa sokoni hana risiti ya kodi, akaponda mawe gerezani miezi mingi, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kusimama ofisini na kusema huyu ni wetu. Mama alikuwa ameapa jambo hilo halitatokea tena kwa mtu aliyekula kwake.)

Alhamisi nikatangulia kwa baiskeli. Afisa alikuwa kijana wa tai, mtu wa mbali, na alituambia tuliopanga foleni kwamba orodha inakwenda Kampala kesho yake, atakayekosa leo asubiri mwaka mwingine. Mwaka mwingine! Nikashika fomu yangu kwa mikono miwili. Zamu yangu ilipofika nikageuka nimwite Mama, nikaona bustani ya ofisi imejaa. Wanawake wamevaa gomesi za Jumapili, wanaume makoti, watoto wamepakwa mafuta, kuku wawili wamefungwa miguu. Ukoo mzima umetembea kutoka Kwapa. Na mbele yao Mama Amoding, anaingia bila kubisha hodi.

"Bwana, hii mtoto ni yangu," akasema. "Mimi mwenyewe nazaa yeye."

Afisa akaitazama fomu, akamtazama. "Mama, hapa imeandikwa amezaliwa Bunia."

"Karani nakosea."

"Ulimzaa wewe?"

"Nazaa. Mwaka ya nzige. Hawa wote iko, uliza."

Akaulizwa Okiror, shemeji yake. Okiror akasema anakumbuka vizuri, nilikuwa mtoto wa kulia sana, hata majirani walilalamika. (Okiror huyu alinijua nina miaka thelathini na ndevu. Naye namtaja.) Mwanamke mmoja akasema nilikataa titi mpaka nikapakwa asali mdomoni. Mwingine akasema nilichelewa kutembea, na wote wakanitazama miguu kwa huruma. Nami nimesimama katikati, nataka kusema na sijui naanzia wapi.

Afisa akachukua rula na kalamu. Akaiweka rula juu ya fomu yangu, kona hadi kona, tayari kupiga mstari wa kuifuta. Akasema amefanya kazi hii miaka miwili na hajaona mwananchi anayeomba hifadhi katika nchi yake. Kisha akanipa nafasi, sitamnyima haki yake, akaniambia kama mimi ni Mkongo kweli nimsalimie kwa lugha ya kwetu.

Nikafungua mdomo. Hofu ilikuwa imefagia kila kitu, na salamu iliyotoka ilitoka kwa Kiteso, safi, na kuuliza habari za ng'ombe ndani yake.

Ukoo wote ukaitikia.

Afisa akaitazama rula yake. "Nakuuliza mara moja tu. Huyu ni mama yako? Ndiyo au hapana?"

Ninyi mnaosoma, semeni ningejibu nini. Nikisema ndiyo, Feza anabaki kambini. Nikisema hapana, namwita mwongo mbele ya serikali mwanamke aliyenitoa shambani nikiwa nanuka, tena mbele ya watu wake wote, na nje kulikuwa na askari. Kalamu ikagusa karatasi.

"Nina mke, bwana," nikasema. "Yuko kambini. Bila karatasi hii hatoki."

Afisa akainua kalamu.

"Mke," Mama akasema taratibu.

"Ndiyo, mama."

"Anaishi?"

"Anaishi."

"Wewe najua lini?"

"Mwezi sasa."

"Na mimi naahidi ng'ombe kwa watu. Naomba binti ya watu. Wewe nakula kuku, nanyamaza."

Akanipiga kofi la kisogo, kofi la mama kabisa, kofia ikaruka ikatua kwenye kidau cha wino cha afisa. Nilikuwa mtu mzima mwenye ufundi wangu na vijana wawili chini yangu, nimepigwa kofi ndani ya ofisi ya serikali, na Okiror anacheka. Kisha Mama akamgeukia afisa.

"Bwana, ondoa rula. Hii si yangu. Yangu haiwezi ficha mke kwa mama yake. Hii natoka Kongo, naanguka kwa shamba yangu, na koti ya kuungua hapa," akaushika mkono wangu akauonyesha ulipobabuka. "Iko na homa wiki mbili. Yeye nasema Basile, wacha. Basile, wacha. Mimi nafikiri Basile ni ndugu. Nasema Kasiano, usiwashe. Halafu naita Dodo. Dodo toka. Dodo toka ndani. Nataka kukimbia kwa mlango, sisi watatu nashika yeye."

Sikuwahi kujua kama nilisema hayo. Mwaka mzima alikuwa nayo, na hakuniuliza.

Okiror akaacha kucheka. Afisa naye alikuwa ameacha rula, anaandika, na nafasi ilipokwisha akageuza nyuma ya fomu akaendelea, anamwuliza Mama pole pole, ilikuwa wakati wa mvua gani, koti rangi gani, na jina la yule mwenye moto linaandikwaje. Mama akasema yote. Neno lile la Wandera likabaki juu peke yake. Mwishowe afisa akapiga muhuri na kuliweka ombi langu katika lile fungu la Kampala, akasema katika mashahidi wote wa wiki ile huyu ndiye aliyeanza vibaya kuliko wote, kisha akamshukuru. Kofia yangu sikuiomba.

Mngedhani yameisha hapo. Hamjui Mama Amoding. Alirudi nyumbani na ukoo wake, mimi nyuma nakokota baiskeli, na kuanzia jioni ile akaanza kunitendea kama mgeni. Nikiingia, ananitolea kiti kile cha marehemu mume wake. Maji ya kunawa ananimiminia mwenyewe, amepiga goti. Firigisi ya kuku kwangu. Nikishika shoka nipasue kuni, ananinyang'anya kwa heshima, anasema mgeni apumzike. Hakunigombeza hata mara moja. Nilipaka mafuta ya mnyororo kwenye shuka makusudi, akaifua bila neno. Wiki tisa! Nimefukuzwa na watu wenye mapanga, lakini kile kiti ndicho kilichonikondesha. Niliomba msamaha kwa Kiswahili, kwa Kiteso, nikamtuma hata Okiror. Anajibu tu kwamba mgeni hana kosa.

Feza alifika wiki ya kumi, kwa basi, na bahasha yenye muhuri mkononi na sanduku moja. Amekonda mpaka nikamtambua kwa sauti. Nilimleta Kwapa nikiogopa kuliko siku ya ofisi. Mama akatoka, akasimama mlangoni, akamtazama kuanzia miguuni. Akamshika mkono. Akamwuliza kama amekula, na kama alijua kwamba mume wake ni mtu wa kuficha maneno. Feza akasema hilo alilijua tangu uchumba. Basi wakaingia ndani wawili, wakafunga mlango, nikawasikia wanacheka, na sikuhitaji kuambiwa wanamcheka nani.

Tangu hapo nimeapa, na kiapo nimekishika mpaka mvi hizi: nikifika kwa mtu yeyote, kabla sijakaa, namwambia naitwa Bahati, natoka Bunia, nina mke anaitwa Feza, nyumba yangu aliichoma Kasiano kwa kuonyeshwa na Basile. Watu wengine nawaambia hata hawajauliza. Wapo wanaonikimbia sokoni. Wakimbie, lakini hakuna mtu atakayenilisha tena bila kujua anamlisha nani.

Jioni ile aliyofika Feza nilikaa nje kwenye kile kiti cha marehemu, sijui kama naruhusiwa kuingia. Mlango ukafunguka. Mama akatoa kichwa, akanitazama nilivyojikunja.

"Wewe, nani alikuambia kaa kwa kiti ya mzee?" akasema. "Kuni iko wapi?"

Nikapasua kuni mpaka giza likanikuta, nyingi kuliko zilizotakiwa, na sikujali nani ananiona ninavyolia.