Ua la Mgomba

Kwanza nilisikia mlio, kah, kisha kitu kizito kikadondoka juu ya nyasi zilizotandazwa shambani. Ndipo nikamwona bibi akitokea kati ya migomba, mkononi mti mrefu wenye panda, anaovunjia maua ili ugonjwa wa mnyauko usiingie kwenye mikungu. Mengi aliyaacha yaoze. Manono aliyafunga kwenye jani, tukashuka nayo kutoka kijijini kwetu Kaagya hadi Bukoba mjini, kwa rafiki yake, mama wa Kihindi mwenye duka, aliyependa kuyapika.

"Umeniletea chakula, Mama Ndizi?"

"Nimekuletea takataka, Mama Duka."

Walisalimiana hivyo utoto wangu wote. Duka lilinukia magunia na haradali. Mama Duka alitutengea sahani. Mimi nilikula, bibi hakuonja hata siku moja. Likizo moja nikafika na habari za darasani: ndizi zilitoka Asia, zikavuka bahari kabla ya mababu zetu kuzipanda. Mama Duka akapiga kaunta kofi.

"Umesikia? Ni zetu! Nirudishie."

"Mlikuwa nazo, mkala ua," bibi akajibu. "Sisi ndio tuliowaonyesha kazi ya ndizi."

Mwaka huu watoto wa Mama Duka waliamua kumchukua akaishi nao ng'ambo. Nilitoka Muleba, ninakofanya kazi, kumsindikiza bibi akamuage. Ua alilibeba mwenyewe.

Rafu zilikuwa tupu. Mama Duka alilipika kwa bizari na pilipili, akatenga sahani tatu kwa mazoea. Bibi akaivuta yake. Akatafuna polepole, sisi wawili tukimtazama mdomo.

"Chumvi imezidi," akasema, akaendelea kula mpaka akaikomba sahani.

"Miaka yote hiyo, wewe mwanamke!" Mama Duka alicheka huku akifuta macho kwa mtandio.

Nje gari likapiga honi. Bibi akafungua fundo la kitenge, akatoa punje za kahawa zilizochemshwa na kukaushwa, zile tunazompa mgeni atafune.

"Hii haikuja na meli. Imeota hapa hapa. Tafuna."

"Kwani leo mimi ni mgeni?"

"Anayeondoka naye hupewa, waitu, mwenzetu."

Mama Duka akaitia kinywani. Tulipotoka hadi barazani alishika kitasa cha mlango, akakiachia, akaelekea garini bila kugeuka. Bibi ndiye aliyeuvuta mlango nyuma yake, kwa mikono miwili, mpaka ukafungika.