Kidole Kilichogoma

Mjomba wangu walimwita Kiraka, na jina hilo halikumuudhi. Popote bendi ilipotoboka, yeye ndiye aliyeitwa kuziba. Bendi ya harusi ilimtaka kwa gita, kundi la nyimbo za asili likamtaka kwa fidla, na waombolezaji wakamtaka kwa kinanda cha mdomo. Jumapili mchana alikaa kwenye ukumbi wa hoteli na mwimbaji mmoja mwenye sauti nzito, wakiwapigia bluzi, ule muziki wa majonzi wa Wamarekani weusi, watu waliokuwa wanakula. Siku ya kwanza alipoaga nyumbani kwamba anakwenda kupiga bluzi, mkewe, ambaye ni fundi cherehani, alisikia blauzi. Akamwambia, "Si uzipige hapa hapa? Pasi ina moto."

Niliishi kwao nilipokuwa nasomea uuguzi. Ndiyo maana niliyaona haya kwa macho yangu, na yaliyobaki alinisimulia mwenyewe baadaye.

Yalianzia harusini. Bibi harusi alikuwa ndiyo kwanza anaingia, bendi imeshika wimbo wa kumpokea, mara kidole cha pete cha mkono wa kushoto wa mjomba kikajikunja kuelekea kiganjani kama jongoo aliyeguswa. Hakukiamuru. Alikinyoosha, kikajikunja tena. Uzi ukalia vibaya. Jasho jembamba likamtoka, akalitupa gita mgongoni na kuchomoa kinanda cha mdomo, akatabasamu kana kwamba ndivyo walivyopanga.

Kiongozi wa bendi alikuwa mpiga kodiani, rafiki yake tangu ujana. Kwa jinsi alivyolivuta na kulibana lile kodiani lake, watu walimwita Pumzi. Walipokuwa wanafunga vyombo alimsogelea.

"Wewe, leo umeonja kitu?"

"Uzi ulilegea."

"Uzi ulegee, wewe ndiyo unywee hivyo?"

Mjomba akacheka.

Nyumbani hakusema. Alijifungia kwenye chumba alichowekea mkewe majora ya vitambaa, akashika gita. Kidole kikajikunja. Akaliweka chini, akafunga na kufungua vifungo vya shati: kidole kizima kabisa. Akashika gita, kikajikunja. Hilo ndilo lililomtisha kuliko maumivu yoyote, maana hapakuwa na maumivu. Ilikuwa kama kuna mtu mwingine ndani ya mkono wake anayengoja ashike gita tu.

Alianza kuchagua kazi. Fidla nayo ilimshinda, kwa hiyo akawa anaitikia wito wa kinanda cha mdomo peke yake, na kwingine akidai ana homa. Alikifunga kidole kwa plasta na kijiti, akasema kimebanwa na mlango. Simu ikilia alishtuka kama mdaiwa. Mezani alikula mkono umelala mapajani, na nilipomtazama aliuficha zaidi.

Alasiri moja nilipita pale nje, mlango wa chumba cha vitambaa ukiwa wazi kidogo. Alikuwa ameinama juu ya gita, anazungumza na kidole chake kwa sauti ya chini kabisa.

"Tafadhali. Mara moja tu. Mara moja, kisha nakuacha."

Nywele zilinisimama. Sikuwahi kumsikia mjomba akimbembeleza mtu.

Kesho yake nilimwambia nimemsikia, akakubali nimpeleke kwa daktari wa mishipa ya fahamu katika hospitali niliyokuwa najifunzia. Daktari alimwambia alete gita. Akamtazama akipiga, akamwambia aache, apige tena. Kisha akavuta kiti karibu.

"Mzee wangu, kidole hiki hakina ugonjwa. Ubongo ndio unaochanganya amri zake, na unazichanganya kwenye gita tu. Huwapata watu waliorudia kazi moja miaka mingi."

"Nikikipumzisha, kitarudi?"

"Wapo waliorudiwa na nafuu kwa mazoezi. Wapo ambao hawakuipata. Sitakudanganya."

Tulipofika mlango wa nyumbani mjomba alinishika kiwiko. "Mwanangu, mama yako asijue. Mkaza mjomba wako asijue. Pumzi, hasa Pumzi, asijue. Akijua atanionea huruma, na akinionea huruma ataanza kunitafutia mtu wa kukaa pembeni yangu."

Pumzi hakupata kujua. Alianguka akinyoa ndevu, moyo ukasimama. Tuliambiwa asubuhi, na kufikia adhuhuri mjane wake alikuwa sebuleni kwetu, kitambaa kimefungwa kichwani kombokombo.

"Shemeji, ule wimbo wenu wa zamani. Alikuwa akisema hakuna anayeujua ila wewe. Upige kaburini. Peke yako."

Ule wimbo uliegemea kidole cha pete kutoka mwanzo hadi mwisho. Mjomba alifumbua mdomo akataka kukataa, kisha akasikia sauti yake ikisema, "Sawa, shemeji."

Makaburini palijaa wanamuziki: bendi ya harusi, wale wa nyimbo za asili, mwimbaji wa hotelini, wote waliowahi kumkodi. Mjomba alisogea mbele. Akaanza. Akafika pale wimbo unapopanda, kidole kikajikunja na kuzama kiganjani. Akarudia. Kikazama. Mtu akakohoa. Mjomba akausimamisha mkono, akautazama, halafu akamtazama mjane.

"Shemeji, kidole hiki hakinitii tena. Nimewaficha wote. Nimemficha hata marehemu."

Mke wa mjomba alikuwa kando yangu, nikahisi kucha zake mkononi mwangu.

Mjane akapangusa pua. "Basi piga hivyo hivyo, inavyowezekana. Yeye mwenyewe kwani alikuwa akipatia kila siku?"

Mtu mmoja akacheka, akajizuia. Mjomba akapiga kwa vidole viwili, polepole, akiruka pale asipofika. Wimbo wa kuchezea ukageuka kitu kingine, kizito, karibu na zile bluzi za hotelini. Yule mwimbaji akaupokea kwa kuguna, wengine wakafuata. Mjomba alifika mwisho.

Bendi ya harusi ilimpata mpiga gita mwingine. Walimwambia uso kwa uso, kwa adabu, naye akalia siku hiyo. Mkewe alimnunia, si kwa ajili ya kidole bali kwa kufichwa, kisha akahamisha majora ili chumba kiwe chake cha mazoezi. Mwimbaji wa hotelini alibaki naye. Sasa wanapiga nyimbo za taratibu, na sehemu kubwa mjomba hupuliza kinanda cha mdomo.

Hofu haikuondoka. Juzi nilikwenda kumtembelea, nikamkuta anachunguza mkono wa kulia dirishani, akinyoosha kidole kimoja kimoja.

"Kuna nini, mjomba?"

"Hakuna," akasema. "Naviangalia tu."