Nilimtafsiria Mjumbe Uongo, Shemeji Akapoteza Vidole

Mhariri, jina langu lifiche, la sivyo ukoo utanitenga. Nina miaka thelathini na minne, nina mke, na ni karani na mkalimani katika banda la ngozi hapa Garissa. Mwenye banda ni abti, yaani mjomba wangu, ndiye aliyenilea. Nina hasira naye, na nina hasira zaidi na nafsi yangu.

Kazi ya banda ni kuchovya ngozi za mbuzi kwenye pipa la dawa ya sumu ili wadudu wasizile, kisha kuzianika. Wachovyaji hutumia mikono mitupu. Mwaka jana wanunuzi wa ng'ambo waliandikiana na abti mkataba mpya: bei itapanda, ila wafanyakazi wapewe glavu na siku ya kupumzika, na mjumbe wao atakuja kuwauliza wenyewe. Abti akatia sahihi huku anacheka.

Siku ya mjumbe glavu ziligawiwa asubuhi. Jioni zilirudi sandukuni, kufuli juu. Mjumbe alimwuliza Adan, kaka wa mke wangu, kama anatunzwa. Adan akavua glavu, akaonyesha vidole vyenye vidonda, akasema kwa Kisomali kwamba hizo kapewa leo tu. Abti alikuwa mgongoni pangu. Nikamwambia mjumbe kwa Kiswahili kwamba Adan aliungua moto nyumbani, na anamshukuru tajiri wake. Laana ya ulimi huu!

Vidonda vile viliozeshwa na dawa, na leo Adan hana vidole vitatu. Wazee walikaa, abti akamlipa ngamia jike mmoja, na kwa desturi yetu ukishapokea fidia, kesi imekufa. Pipa liko palepale na mwingine kashika nafasi yake. Mke wangu ananipakulia chakula, kisha anakwenda kula na kaka yake.

Mjumbe anarudi mwezi ujao. Wachovyaji wenyewe wamenisihi ninyamaze, maana abti amewaambia mkataba ukivunjika banda litafungwa, na ukame umeshamaliza mifugo yao. Yaani karatasi iliyoandikwa kuwalinda ndiyo anayowatishia nayo!

Juzi nilimwuliza Adan nifanyeje. Akanijibu:

"Walaal, ndugu yangu, mimi nimepokea ngamia, nimefungwa mdomo. Wewe umelipwa nini?"

Ndugu wasomaji, nishaurini: mjumbe akiniuliza tena, niwaponze wenzangu kwa ukweli au niendelee kuwachovya kwa uongo?