Picha ya Mama Pale Studio

Juzi, pale Mwandiga, niliona bango la tanzia: jina la marehemu lilikuwa safi, lakini uso wake umevunjika kuwa vigae vya rangi. Nikakumbuka studio ya picha kule Mwanga nilipokuwa mtoto, harufu ya plastiki ya moto na kelele za cherehani za jirani. Bibi alimpa fundi simu yenye picha pekee ya marehemu mama, iliyomwonyesha kwa mbali akianika dagaa kule Ilagala.

"Mvute karibu, mwanangu, tuone macho yake," Bibi alimwambia fundi.

Alipovutwa, mama aligeuka miraba. Nilidhani amekataa kusogea, nikamwomba radhi kimoyomoyo.

Sasa najua herufi huchorwa upya na kompyuta kila zinapokuzwa. Picha hubaki na nukta zake zilezile. Jina la mama naweza kulikuza likajaa ukuta mzima. Macho yake hayakuwahi kuwemo katika nukta zile.